Hurafa Katika Kitabu cha Picha: Kazi ya John Kilaka

Swali la utafiti wa nyanjani katika Karatasi ya Tatu huwapotezea watahiniwa wengi alama za bure. Mbinu wamezikariri vizuri: kushiriki, kushuhudia, mahojiano, hojaji, kurekodi. Lakini wakitakiwa kueleza jinsi wangekusanya hadithi katika jamii yao wenyewe, hukwama, na wale wa mitaa ya Eastlands husema hawana kijiji wala wazee wa kuwasimulia. Tazama kwanza kazi ya mtu mmoja, kisha turudi mtaani.

John Kilaka ni mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Alizaliwa mwaka wa 1966 huko Sumbawanga, kusini-magharibi mwa Tanzania. Huchora kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga: rangi kali, mistari dhahiri na wanyama tele. Visa vyake vina mizizi katika masimulizi ya mdomo, na vimechapishwa hata kwa Kijerumani na Kiingereza.

Chukua kisa chake cha mti wa ajabu. Kuna njaa. Mti mmoja umejaa matunda mabivu, lakini hayaanguki hata ukitikiswa. Inabidi mti uitwe kwa jina lake, na anayelijua ni Kobe. Wanyama wakubwa wanatumwa kwake, wanaambiwa jina, na wanalisahau kabla ya kufika. Anayelifikisha ni Sungura, ambaye walimdharau kwa udogo wake.

Hii ni hurafa: wahusika ni wanyama wenye tabia za binadamu. Takriri imo katika safari zinazorudiwa na jina linalorudiwa. Wengi huandika kuwa dhamira ni "tusidharau wadogo" na kuishia hapo. Si kosa. Ila hebu jiulize kwa nini chakula cha jamii nzima kifungwe kwa neno moja lisiloandikwa popote. Kisa hiki kinasimulia hatari inayoikabili fasihi simulizi yenyewe: msimulizi akisahau, hakuna pa kurejelea. Mtahiniwa anayeona hilo ana hoja ambayo wengi hawana.

Sasa, hadithi ikihamia kitabuni hupoteza nini? Hupoteza kiimbo, ishara za mwili na hadhira inayoitikia "Pakawa!" Tena hugandishwa: fanani hawezi kuifupisha akiona watoto wanasinzia. Hapa ndipo picha za Kilaka zinapofanya kazi. Wanyama wake wamevaa nguo kama sisi, na nyuso zao hueleza yale ambayo fanani angeyaonyesha kwa uso wake. Picha hurejesha sehemu ya utendaji, si wote.

Turudi Eastlands. Kaloleni, kwa mfano, ni mtaa wa miaka ya 1940, na umewapokea watu wa jamii nyingi waliokuja na hadithi zao. Nyanya aliyezeeka Makongeni au Jericho ni fanani. Ukimhoji, mwombe idhini, rekodi kwa simu, na uandike alisimulia wapi, kwa lugha gani, na nani walikuwapo. Huenda atasimulia kwa Kidholuo au Kikamba na mjukuu akutafsirie kwa Sheng. Basi umepata changamoto halisi ya utafiti, ile ya tafsiri, wala huhitaji kuikariri. Vijana wanaoshindana kwa mchongoano kwenye kituo cha matatu Umoja nao wanatenda fasihi simulizi. Hapo ukishuhudia tu utapata maneno. Ukishiriki utajua kwa nini watu walicheka. (Ukishiriki, jiandae kuchongolewa!)

Katika mtihani, usiishie kutaja mbinu. Ieleze, ihusishe na kipera ulichopewa, na utoe mfano wa mahali.

Zoezi
Soma swali hili na ulijibu kwa dakika thelathini.
(a) Wewe ni mtafiti anayekusanya hurafa katika mtaa wenu. Eleza mbinu tatu utakazotumia na sababu ya kuchagua kila mojawapo. (alama 6)
(b) Fafanua matatizo manne utakayokumbana nayo katika mtaa wenye wakazi wa lugha mbalimbali. (alama 8)
(c) "Picha haiwezi kuchukua nafasi ya fanani." Jadili ukirejelea hurafa yoyote uliyoisikia nyumbani. (alama 6)