SOMO LA MIZUKA: KIKALE CHA KATURUKA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Mwenye kufika Bukoba akashika njia ya Maruku ataonyeshwa Katuruka. Hapo palikuwa kikale, yaani jumba la enzi, cha Rugomora Mahe, mfalme wa Kihaya wa karne ya 17. Itikadi ya wakale wa nchi ile ni kwamba mfalme akifa haondoki nyumbani kwake: roho yake yakaa, yaona, yakasirika, nayo husema kwa kinywa cha embandwa, yaani mtu apandwaye na mizimu. Kwa hivyo kaburi lake hujengewa nyumba, iitwayo gashani, likapelekewa sadaka. Karibu na kikale ulikuwapo mti uitwao Kaiija, maana yake mahali pa uhunzi. Wazee husimulia kwamba mfalme aliwaamrisha wahunzi wamfulie mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka.

Nasi Waislamu twasemaje? Roho ya aliyekufa imo katika barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa, wala hairudi kulinda ukuta wala kutisha wapita njia. Waarabu wa Jahiliya walidai kwamba roho ya maiti hugeuka ndege akalia usiku, na Mtume (s.a.w.) akalikanusha jambo hilo. Majini wapo, hatuwakanushi. Lakini jini akisema, “Mimi ni mfalme fulani,” amesema uwongo.

Wako miongoni mwetu wasemao: basi mahali kama hapo pachomwe, na hadithi zake zisahauliwe. Hawa nao wamefanya haraka. Mwaka 1970 Mmarekani Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale, aliwasikiliza kwanza wazee wa Katuruka, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 1,500, yaani yaliyomtangulia Rugomora Mahe kwa zaidi ya miaka elfu! Khabari ya mnara tuiache. Khabari ya moto wa wahunzi ilikuwa kweli. Na aliyeihifadhi si roho ya mfalme, bali ni vinywa vya watu, baba kwa mwana. Lau wangalinyamazishwa, nani angalijua pa kuchimba?

Wala sisi wa pwani tusiwacheke Wahaya. Gede, karibu na Malindi, ni mji wa Waislamu wenye msikiti wake wa Ijumaa, na juu ya hayo watu wetu waliuogopa magofu yake, wakisema yana wenyewe wasioonekana. Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948 alikuta visima, makaburi, na vigae vya sahani za Kichina.

Basi aendaye Katuruka, ambako wenyeji wameijenga upya nyumba ya kaburi ili wageni waione, na aende. Atazame, aulize habari za chuma, awasalimu wazee kwa adabu. Asichinje hapo, asiweke nadhiri, asitie ubani. Na akiingiwa na hofu usiku, asome Ayatul Kursiyyu alale.

Wallahu aalamu.