Karatasi za mbwa: anza na tarehe

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu Ruiru kuchukua mtoto wa German Shepherd. Bei walikwisha kuipatana kwa simu, na ilikuwa kubwa kwa sababu moja tu: mbwa ana karatasi. Tulirudi mikono mitupu, pesa zikiwa salama kwenye simu yake. Tangu hapo jamaa wananiuliza niligundua vipi, basi nimeona niziandike hatua zote.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha karatasi na karatasi. Muuzaji yule alitutolea kadi ya chanjo, akatulia kama aliyemaliza kazi. Kadi ya chanjo inaeleza mtoto amedungwa sindano gani na lini. Haimtaji baba yake. Wauzaji wa mitandaoni wanaujua vizuri mkanganyiko huo na wanaula, nami sina subira nao hata kidogo.

Nilipodai cheti cha nasaba, alikwenda kukitoa ndani. Kusoma si kazi: mbwa mwenyewe yuko kushoto, wazazi wanafuata kulia, dume juu na jike chini, kisha kila safu inaongezeka maradufu hadi vizazi vitano vinapofikisha majina 62. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye majina ya Kijerumani ya safu za mwisho. "Mama, hawa wote ni mabingwa!" Huenda. Lakini mbwa wa safu ya nne humwachia mtoto wastani wa sehemu 1 kati ya 16 ya damu yake, kwa hiyo mimi hutazama karibu zaidi, hasa kama kuna jina linalojirudia upande wa baba na wa mama. Babu akiwa mmoja pande zote mbili, wazazi ni ndugu wa baba mmoja, na hapo magonjwa yaliyojificha hupata mlango. Kennel Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1873, iliacha mwaka 2009 kusajili watoto waliozaliwa na mbwa wa tumbo moja.

Sasa tarehe, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Jirani wa shemeji alinunua kwa muuzaji huyohuyo mapema mwaka huu, na nilikuwa nimemwomba picha ya cheti chake kabla hatujatoka nyumbani. Nikaviweka vyeti viwili sambamba. Mama ni mmoja: jina lilelile, nambari ya usajili ileile. Mtoto wa jirani alizaliwa katikati ya Januari. Huyu wetu, mwishoni mwa Aprili.

Piga hesabu. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Ili azae mwishoni mwa Aprili, jike huyo alipaswa kupandwa mwishoni mwa Februari, akiwa bado ananyonyesha watoto wa wiki sita. Jike hupata joto kila baada ya miezi sita hivi, wengine hukawia zaidi. Mizao hiyo miwili haiwezi kuwa ya mama mmoja.

Nilimwonyesha. Kwanza akasema ni kosa la mchapaji. Halafu akasema labda mama ni dada yake yule. Nikamuuliza, kwa nini basi cheti kina jina la huyu? Akakunja karatasi: "Mama, unanunua mbwa au unanunua tarehe?" Nikamjibu kwamba kwa bei ile nanunua vyote viwili.

Wanachofanya ni kuwaazima watoto wa jike asiye na usajili karatasi za jike aliyesajiliwa. Daftari la chama huandika anachotangaza mfugaji, kwa hiyo mfugaji akidanganya, uongo unapigwa muhuri. Ndiyo maana nasema tafuta mnunuzi wa awali, omba picha ya cheti, linganisha tarehe za mizao. Toa pia tarehe ya kuzaliwa ya mama kwenye ya mtoto: ukikuta mama alizaa kabla hajatimiza hata mwaka, ondoka.

Chipu: daktari wa mifugo aisome mbele yako, tarakimu 15 zilingane na cheti.

Usajili wenyewe, kwa hapa Kenya, ni wa East Africa Kennel Club, Nairobi. Mfugaji ndiye anayeandikisha mzao, kisha umiliki unahamishiwa kwako kwa sahihi yake. Usikubali ahadi ya "karatasi zitafuata". Bakiza sehemu ya malipo hadi atie sahihi.

Shemeji sasa anaongea na mama mmoja mfugaji wa Limuru. Nilimpigia kuuliza jike wake alipandwa lini. Hakushangaa. Alifungua daftari, akanisomea siku ya kupandwa, siku ya kuzaa na mzao uliotangulia, mwaka mzima nyuma. Watoto hawatoi kabla ya wiki nane, na bei yake ni ndogo kuliko ya Ruiru.