Breki za Diski kwenye Gari la Zamani: Tafuta Kasoro Kabla ya Kuingia Barabarani

Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Wengi wanaozitunza leo hufunga diski mbele, kwa kuwa diski hupoa haraka kwenye miteremko na hukauka upesi zikilowa. Lakini masta silinda, mipira na paipu za gari hilo zilipangwa kwa dramu. Kufunga diski ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuulinganisha mfumo mzima.

Usalama kwanza

Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, inua kwa jeki kisha tegemeza kwa stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Pedali laini au inaenda chini sana

- Tazama nipeli ya kutolea upepo. Lazima iwe juu ya kalipa. Ikiwa chini, kalipa imefungwa upande usio wake, na upepo hautaisha hata ukiutoa kutwa.
- Kaza marekebisho ya viatu vya breki vya nyuma.
- Pedali ikizama polepole ukiwa umeikanyaga, tafuta uvujaji. Usipouona, raba za masta silinda zimechoka.
- Yote yakiwa sawa, huenda masta silinda ni ndogo na haisukumi mafuta yanayotosha pistoni za kalipa.

Pedali ngumu, gari halisimami

Kiatu cha dramu huvutwa na mzunguko wa gurudumu na kujikaza zaidi. Pedi ya diski haina msaada huo, hivyo inahitaji presha kubwa. Kama gari lina busta, ipime: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie, kisha washa. Pedali isiposhuka kidogo, kagua busta na mpira wake wa upepo. Masta silinda yenye kipenyo kikubwa mno nayo hufanya pedali iwe ngumu.

Breki haziachii

Gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa na limekaza, legeza nipeli. Lisipoachia, pistoni ya kalipa imekwama. Likiachia, kuna presha iliyonaswa. Funga nipeli, kanyaga pedali likaze tena, kisha legeza paipu kwenye masta silinda:

- Likiachia, fimbo ya pedali haina nafasi ya kurudi, au masta silinda bado ina vali ya dramu inayobakiza presha ya takriban psi 10, ambayo diski hazihitaji.
- Lisipoachia, mpira wa breki umevimba ndani au paipu imeziba.

Baada ya kupima, kaza paipu na utoe upepo upya.

Magurudumu ya nyuma yanajifunga kwanza

Gari linaweza kugeuka ghafla. Punguza presha ya nyuma kwa vali ya kugawa presha.

Mafuta ya breki

Tumia aina iliyoelekezwa kwa vipuri vyako, kutoka kopo jipya. Usichanganye DOT 5 na DOT 3 au DOT 4. Usiweke kamwe mafuta ya injini, huharibu raba.

Jaribio la mwisho

Kanyaga kwa nguvu nusu dakika, kagua kila kiungo. Kisha jaribu kwa mwendo mdogo kwenye uwanja usio na watu. Kasoro yoyote ikibaki, gari livutwe hadi kwa fundi; lisiendeshwe.