Maswali ya Khwisero kuhusu Bahari Kuu

Kila Desemba nikirudi Khwisero kutoka Kilifi, swali la kwanza huwa mshahara, la pili papa. Safari hii kijana mmoja wa sekondari alileta jipya: akitaka kuvuka mpaka Shelisheli kwa chombo cha tanga, ajitayarishe vipi? Tulikuwa nje ya mashine ya kusaga, ileile ambayo injini yake ndiyo iliyonifundisha ufundi kabla sijahamia vyombo vya wasafiri wanaotia nanga katika hori ya Kilifi. Waliokuwa kwenye foleni ya mahindi nao wakaongeza yao.

Swali: Fundi, mtu akiwa na pesa ya kifaa kimoja tu kizuri, anunue kipi?

Jibu: Nanga na mnyororo wake. Mlikuwa mnangoja nitaje setilaiti, najua. Lakini chombo hulala nangani siku nyingi kuliko zile kinazosafiri, na maji ya pwani yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka kati ya mita 3 na 4. Tupige hesabu. Umefika maji yamekupwa, kina ni mita 4. Baada ya saa sita kimekuwa mita 7. Ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo, ni 8. Mnyororo unataka mara tano ya hizo, yaani mita 40. Kamba peke yake inataka mara saba. Niliwahi kuamshwa alfajiri kwenda kumtoa mgeni aliyeachia mita 20 tu, kisa aliona mchanga chini. Usukani ulikuwa umeshavunjikia mwambani. King'ora cha GPS cha kuonya nanga ikiburura alikuwa nacho, ila hakukiwasha kwa kuogopa kumaliza betri.

Swali: Sasa dira ya nini, na simu yangu inanionyesha njia mpaka hapo Luanda?

Jibu: Inakuonyesha, na mimi pia naitumia. Beba GPS mbili zisizotegemea betri moja, na mawingu yakiwa meusi itie moja ndani ya sufuria ya chuma yenye kifuniko. Sisi wa Kakamega hatuhitaji kufundishwa radi. Ila skrini ikizimika usiku wa manane, dira haina swichi ya kuuliza.

Uangalie tu dira imetengenezewa wapi. Sindano ya dira haivutwi kaskazini tu, huvutwa na chini pia. Ulaya ncha ya kaskazini ndiyo inayozama, kwa hiyo watengenezaji huongeza uzito upande wa kusini. Kilifi mvuto umegeuka, ncha ya kusini ndiyo inayozama. Dira ya Ulaya ukiileta huku inainama kwa sababu mbili, na inaweza kukwama kwenye kioo huku ukidhani imetulia. Omba iliyosawazishwa kwa ukanda wetu.

Na nyota. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, hapo chini tu. Nyota ya Kaskazini hukaa juu ya upeo kwa kiasi kilekile cha nyuzi ulizo nazo kaskazini ya Ikweta. Manahodha wa Oman waliokuja na majahazi walikuwa wakiipima kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo, wakiiona inashuka kila usiku. Hapa Khwisero imegusa ardhi kabisa, migomba inatosha kuificha. Kilifi haipo, imezama.

Ramani nazo usiziamini kupita macho. Pwani hii Waingereza walianza kuipima miaka ya 1820, chini ya Kapteni Owen, na mahali pengine GPS ni sahihi kuliko ramani unayoitazama. Mlango wa mwamba uingie jua likiwa juu au mgongoni, mtu mmoja amepanda mlingotini anasoma rangi ya maji.

Swali: Mwezi gani unafaa kuondoka?

Jibu: Shelisheli iko mashariki, kama maili 940 za baharini. Kusi itakupiga ubavuni ikitokea mbele, na kaskazi vilevile, hivyo wengi huvizia tangambili, upepo unapobadilisha zamu. Ubaya wake ni kwamba siku nyingine upepo haupo kabisa. Ukienda fundo tano utafika siku ya nane. Ukikwama, hesabu mara mbili. Watu wanne, lita nne za maji kila mmoja kwa siku, siku kumi na sita: lita 256. Ni mitungi kumi na mitatu ya lita ishirini, na afadhali mitungi kuliko tangi moja, maana tangi likiingia chumvi limeingia lote.

Swali: Na upepo ukikosekana, si kuna injini?

Jibu: Ipo, na hapo ndipo mtoto wa mashine ya kusaga anapomshinda mwenye chombo cha mamilioni. Injini ya dizeli haifi kwa uzee baharini, hufa kwa maji yaliyo ndani ya mafuta. Chombo kinapotulia, maji na uchafu hulala chini ya tangi; kikianza kuyumba, vyote vinapanda na kuingia kwenye bomba. Fanya hivi: chota mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, yatie katika chupa ya kioo, uiache dirishani. Baada ya nusu saa utaona mstari. Juu ni dizeli, chini ni maji yenye vipovu vya kahawia kama utando wa chai iliyolala. Ukiona hivyo, usiondoke. Beba chujio za kutosha, mpira wa pampu ya maji na mshipi wa feni, na uwe umeshavibadilisha mwenyewe mara moja gizani, umeshika tochi kwa meno.

Swali: Chuma kinaliwaje na kutu huko? Mabati yangu yana miaka kumi.

Jibu: Mama, mabati yako yamevikwa zinki ili zinki iliwe kwanza. Baharini tunafunga kipande cha zinki kwenye mhimili wa rafadha kwa sababu hiyohiyo, na kikifika nusu tunakibadilisha. Nisichokipenda ni valvu za bei rahisi chini ya maji. Ni shaba iliyochanganywa na zinki, na chumvi huiondoa hiyo zinki polepole. Kwa nje valvu inaonekana nzima, ukiikwangua ina rangi ya waridi, ukiigonga inavunjika kama biskuti. Kando ya kila tundu funga kwa uzi kigingi cha mbao laini cha kulizibia.

Swali: Mbao au faibagilasi?

Jibu: Unachoweza kukirekebisha. Mbao inataka kalafati kila mwaka, faibagilasi inataka jicho. Hata plastiki inawezekana: jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likafika Unguja 2019 na Ziwa Viktoria 2021.

Swali: Maharamia je?

Jibu: Wapo, wamepungua. Paul na Rachel Chandler, Waingereza, walitekwa Oktoba 2009 wakitoka Shelisheli kuelekea Tanzania, wakaachiliwa Novemba 2010. Usikaribie Somalia. Redio iwe chaneli 16, na kifaa cha dharura cha megahezi 406 kiandikishwe kwa jina lako, kwani kituo cha uokoaji Mombasa kikipata ishara kitataka kujua kinamtafuta nani. Lakini kwa kweli wanaokufa kwa kuanguka kutoka chombo chao wenyewe mchana kweupe, bila mshipi wa kujifunga, hawatangazwi.

Swali: Na mimi hapa sina bahari. Nianzie wapi?

Jibu: Kesho asubuhi, kabla mwenye mashine hajaiwasha, njoo tufungue chujio lake. Halafu mafundo. Kamba ya ng'ombe inatosha. Lete ya mita mbili, isiwe ile ya nailoni ya bluu. Inateleza.