Mafunzo Niliyopata Nikipima Theluji ya Buffalo

Nilizaliwa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, na uzee umenikuta Buffalo, jimbo la New York, kando ya Ziwa Erie. Elimu ya hali ya hewa sikuisomea darasani. Nina ubao, rula, kipimamvua na daftari. Lakini kila mwaka nawaona vijana wetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania wakihamia mji huu, na wamo watakaopenda kuitazama mbingu kama ninavyoipenda mimi. Haya ni yao.

1. Lijue ziwa kabla ya kutazama mawingu

Bukoba tulizoea mvua ya alfajiri yenye radi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, mawingu hupanda, na kunapokaribia kucha mvua huufikia ukingo wa magharibi. Sikutarajia kuukuta undugu wa jambo hilo kwenye nchi ya barafu. Kumbe theluji kubwa ya Buffalo nayo hupikwa na ziwa. Novemba maji ya Erie bado yamehifadhi joto la kiangazi. Hewa ya baridi kali ikipita juu yake huchota joto na unyevu, huinuka, kisha huumwaga mzigo wake ikifika nchi kavu. Watabiri hutafuta tofauti ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi kati ya maji na hewa iliyo mita 1,500 juu yake. Upepo ukitoka upande wa magharibi na kuegemea kusini kidogo, hulipitia ziwa kwa urefu wake wote, kilomita zipatazo 388, na hapo ndipo mambo huwa makubwa.

Siku niliyosikia ngurumo ya radi huku theluji inaanguka, niliacha chai mezani nikaenda dirishani. Ngurumo ilikuwa ile ile ya Bukoba. Tangu hapo, kila asubuhi nauliza kwanza: maji yana joto gani, na upepo unatoka wapi? Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo huganda mapema kuliko mengine makubwa ya jirani. Likishafunikwa na barafu, theluji ya aina hii hupungua sana.

2. Mtaa wako pekee ndio unaoujua

Novemba 2014 nilisimama kaskazini mwa jiji, juu yangu jua limetoka. Kusini ulisimama ukuta mweupe kutoka ardhini hadi mawinguni, umenyooka kana kwamba umepigwa timazi. Ndani ya ukuta ule vitongoji vilifukiwa kwa zaidi ya mita moja na nusu ya theluji; kilomita chache kutoka hapo, kulikuwa na sentimita chache tu. Novemba 2022 ikawa vivyo hivyo: vitongoji vya Hamburg na Orchard Park vilipata karibu mita 2 au zaidi. Ndiyo sababu kipimo cha mtu mmoja nyuma ya nyumba yake kina thamani. Rada huona utepe wa mawingu, lakini haishiki rula.

3. Ubao kwanza

Theluji mpya hupimwa juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, mbali na kuta na miti, na alama ya kijiti pembeni. Ufutwe angalau mara moja kwa siku, lakini usifutwe zaidi ya mara moja kila saa 6, kwani ukifuta kila saa na kujumlisha, utapata theluji nyingi kuliko iliyopo. Januari 2016, dhoruba ilipoipiga Washington, ubao wa uwanja wa ndege wa Reagan ulifukiwa usionekane. Kipimo cha pale, sentimita 45, kilibishaniwa sana, maana uwanja wa Dulles ulikuwa na zaidi ya 70. Kijiti kirefu kingeokoa maneno mengi.

4. Sifuri nayo iandikwe

Mtandao wa wapimaji wa kujitolea uitwao CoCoRaHS ulianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya 1997. Wao huthamini sifuri sawa na mita. Asiyeandika siku kavu hawezi kuonyesha utepe wa theluji uliishia wapi.

5. Dhoruba ikikomaa, kaa ndani

Desemba 2022 utabiri ulitolewa siku kadhaa mapema, na ulikuwa sahihi. Upepo wa ghafla ulizidi kilomita 110 kwa saa, theluji ikatembea kama ukungu, nami sikuweza kuiona nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba. Uwanja wa ndege ulipima sentimita 132. Watu zaidi ya 40 walifariki katika eneo letu, wengine ndani ya magari yao, wengine majumbani bila joto, wengine wakitembea nje. Ubao wangu ulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini sikuufuata. Daftarini niliandika: haikupimwa.

Ewe kijana, tengeneza ubao wako Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Na tahadhari ya dhoruba ikitolewa, isome kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa kila jirani ambaye bado hajakijua Kiingereza.