SALA YA MAMA WAKATI WA MASIKA

Kila mwaka, mvua zianzapo kunyesha katika bonde la Kilombero, nyumba nyingi za vijiji vilivyo kandokando ya Ifakara hufungwa milango. Watu huhamia mashambani kwenye mpunga, wengine mwendo wa saa nyingi kutoka barabarani, wakakaa katika vibanda na madungu hata wakati wa mavuno. Baba hulima. Mama naye hulima, hupika, huteka maji, huamia ndege, na mgongoni amembeba mtoto. Pengine tumboni yumo mwingine. Mto hufurika, njia hukatika, mbu huzaliana. Kengele ya kanisa haisikiki huko, na padre hufika mara chache. Basi twauliza, wasomaji wapendwa: mama Mkristo aliye katika hali hiyo, aliyefundishwa tangu utoto wake kumtumainia Mungu, asali namna gani? Nayo sala yake imwelekeze kutenda nini?

Swali hili si la mchezo, kwa maana majibu mawili mabaya yanazunguka katika bonde letu. Wako wanaomwambia mama kwamba akiwa na imani kamili, basi maji yaliyoombewa yatamtosha, na kwenda hospitali ni dalili ya mashaka. Wako na wengine, hasa vijana waliosoma, wanaomwambia kwamba siku hizi ziko dawa, na rozari ni kazi ya vikongwe. Makundi haya mawili hugombana sana, lakini kosa lao ni moja: yote mawili hudhani kwamba Mungu na tabibu hugombea mgonjwa mmoja. Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, twasoma kwamba tabibu naye ameumbwa na Bwana, na kwamba dawa zimetoka katika nchi kwa amri yake. Mgonjwa huagizwa amwombe Mungu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Hasemi achague mojawapo. Tena yasemwa humo kwamba tabibu mwenyewe humwomba Mungu afanikishe kazi yake. Mtakatifu Toma wa Akwino aliliweka neno hilo kwa namna ya wanafalsafa, alipofundisha kwamba neema haiyaharibu maumbile bali huyakamilisha.

Tutazame kina mama wa Maandiko na wa historia ya Kanisa. Yule mwanamke Mkanaani hakukaa nyumbani akilia; alimfuata Bwana wetu njiani, akanyamazishwa, akaendelea. Mtakatifu Monika, mama wa Mtakatifu Agustino, alimlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya mwanawe aliyepotea. Twapenda kuyataja machozi yake. Mara chache twakumbuka kwamba mjane huyo wa Afrika alipanda chombo, akavuka bahari, akamfuata mwanawe hata Milano katika Italia. Sala yake ilikuwa na miguu.

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa miaka miwili anachemka mwili usiku katika dungu. Mama anajua kusali, naye anasali. Kabla ya alfajiri mtoto anakakamaa, macho yanageuka, viungo vinatikisika. Hapo jirani au mzee wa ukoo hutamka neno linalotisha: degedege. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wameamini tangu zamani kwamba ugonjwa huu huletwa na ndege au na pepo, kwamba sindano itamwua mtoto huyo, na kwamba mganga wa kienyeji ndiye wa kutafutwa kwanza. Hatuwadharau waliofikiri hivyo. Waliwaona watoto wakichomwa sindano hospitalini na kufa. Hawakuona kwamba watoto hao walikuwa wamechelewa siku mbili au tatu. Lakini yatupasa kusema wazi: degedege ya namna hii mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, au homa nyingine kali, na kila saa inayopita humkaribisha mtoto na kifo. Mtoto mwenye homa apimwe na kuanza dawa kabla ya siku moja kwisha. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayelegea, anayehema kwa shida au aliyeshikwa na degedege, huyo asingojee hata saa moja.

Mama atasema, "Je, nisisali?" Mama mpendwa, usali sana, lakini ukiwa njiani. Ufanye ishara ya msalaba juu ya paji la uso la mwanao, umkabidhi kwa Bikira Maria, kisha umfunge mgongoni uondoke. Rozari yaweza kusaliwa juu ya pikipiki na ndani ya mtumbwi. Yeye anayeketi penye kibanda akimwomba Mungu alete msaada, na zahanati iko ng'ambo ya mbuga, anamwomba Mungu kitu ambacho Mungu ameshampa.

Naam, ameshampa, tena kwa wingi kuliko mabonde mengi ya Afrika. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara ilitokana na jasho la wamisionari Wakapuchini na Masista wa Baldegg waliotoka Uswisi. Katika miaka ya 1950 Waswisi wakaleta maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ikiongozwa na wananchi wetu. Mwaka 1997 ulianzishwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga mpango wa kueneza vyandarua vyenye dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: katika watoto wa tangu mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vile vilihusiana na kuongezeka kwa asilimia 27 kwa uhai wao. Watu wa mataifa mengine walijifunza jambo hilo kutoka kwetu. Nasi je? Chandarua kikionekana kimefunika miche ya mboga au kimegeuzwa kuwa wavu wa kuvulia dagaa, twajua kwamba somo limesomwa mbali likasahauliwa nyumbani. Wakati wa kuhamia shambani, chandarua kifungwe pamoja na jembe na sufuria.

Liko jambo jingine, nalo ni zito zaidi, linalohusu saa ya kujifungua. Bwana wetu mwenyewe aliutumia uchungu wa mwanamke anayezaa kuwa mfano wa huzuni inayogeuka kuwa furaha. Hakuudharau, wala hakuufanya alama ya aibu. Lakini katika sehemu kadha wa kadha, uchungu ukizidi siku moja na mtoto hatoki, wanawake wazee humzunguka mzazi na kumtaka aungame majina ya wanaume aliokwenda nao, wakiamini kwamba uzinzi ndio uliomfunga. Masaa hupita kwa kuhojiwa. Sisi mapadre hatuwezi kunyamaza juu ya jambo hili, maana kitubio ni sakramenti tuliyokabidhiwa, nayo ina siri na uhuru wake. Si fimbo ya kumpigia mwanamke aliyelala chini akilia. Mtoto hushindwa kutoka kwa sababu ya nyonga nyembamba, au amelala vibaya tumboni, au nguvu za mama zimekwisha. Na dawa yake ni mikono ya mkunga aliyefundishwa, pengine na kisu cha daktari. Anayemchelewesha mama kwa maswali hayo, hata akiwa mama mkwe wake, hata akiwa ameshika rozari mkononi, ajue kwamba anachezea uhai wa watu wawili.

Zamani vizuizi vilikuwa vingi. Mama wa Lupiro aliyehitaji hospitali ya Ifakara alikingoja kivuko mtoni, na daraja lilifunguliwa rasmi mwaka 2018 tu. Nchi nzima imesogea: uchunguzi wa serikali wa miaka ya 2015 na 2016 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikufa kina mama 556, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tumshukuru Mungu. Lakini daraja halimfikii mama aliye ndani ya mbuga iliyojaa maji, na katika hao 104 wamo waliochelewa kuondoka nyumbani. Kwa hiyo mjamzito aliyekaribia mwezi wake asipelekwe shambani. Abaki kijijini au kwa ndugu wa mjini, karibu na kituo cha afya. Na akitokwa damu, au kichwa kikimwuma sana, au uso na mikono ikivimba, aondoke siku hiyo hiyo. Kanisa linayo baraka ya mama mjamzito. Aiombe kwa paroko wake kabla ya saa yake kufika, na kadi ya kliniki iwe mfukoni.

Kina mama wengi hutuambia kwamba hawana nafasi ya kusali. Waamka kabla ya jogoo, walala mwisho wa wote, na rozari huwaponyoka vidoleni kwa usingizi. Tunawajibu kwa maneno ya mtakatifu aliyewajua watu wa ndoa vizuri. Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, katika kitabu chake cha mwaka 1609 juu ya maisha ya utauwa, alifundisha kwamba kila mtu amche Mungu kadiri ya hali yake, wala watu wa ndoa wasijaribu kuishi kama Wakapuchini. (Wakapuchini waliotuhubiria Injili hapa bondeni wasikasirike.) Mama anayenyonyesha usiku na kusema neno moja tu, "Yesu," amesali. Anayeamka kumfunika mtoto chandarua amefanya kazi ya malaika mlinzi. Hana, mama wa Samweli, alisali katika hekalu la Shilo bila sauti, midomo ikicheza tu, na kuhani Eli akamdhania mlevi. Neno hilo na litufundishe sisi tulio makuhani tusiwahukumu upesi kina mama. Baada ya kusali alikula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Na mwanawe alipokwisha kutolewa kwa Bwana, kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Maandiko yameiandika kanzu hiyo karibu na sala zake.

Twasikia pia wanaume, na pengine hata viongozi wa jumuiya, wakimfariji mama aliyechoka kwa kumwambia, "Vumilia, huo ni msalaba wako." Tupime maneno. Mtoto aliyezaliwa kilema, ugonjwa usiopona, ujane: hiyo ni misalaba, na neema ya kuibeba hutolewa kwa anayeiomba. Lakini baba akinywa fedha za mpunga hata nauli ya hospitali ikakosekana, huo si msalaba uliotoka kwa Mungu. Huo ni mzigo ambao mume ameutua juu ya kichwa cha mkewe, na yeye ndiye atakayeulizwa. Simoni wa Kirene hakumwambia Bwana avumilie, aliubeba.

Na mtoto akifa? Hutokea, hata kwa mama aliyesali, aliyekwenda mapema, aliyefanya yote. Hapo majirani hutafuta dhambi. Wanafunzi wa Bwana nao waliitafuta walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, akawajibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Mama huyo asiambiwe kwamba imani yake ilipungua. Naye anayehangaika kwa kuwa mtoto alikufa bila ubatizo ajue kwamba Kanisa humkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, atakaye watu wote waokoke. Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Roma ilitoa hati nzima mwaka 2007 kuonyesha misingi ya matumaini hayo. Tena askofu aweza kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walinuia abatizwe. Wazazi wasimzike kwa siri kama watu wenye aibu, wamwite katekista.

Hata hivyo, palipo na hatari ya kifo, asingojewe padre. Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, aweza kubatiza, akinuia kutenda kama Kanisa litendavyo: ammiminie mtoto maji safi kichwani, akimtaja jina na kumbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akipona, habari ipelekwe parokiani iandikwe katika kitabu, wala asibatizwe tena. Wakunga na kina bibi wa kila kigango wafundishwe jambo hilo mapema.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo katika parokia zote za bondeni wakae na watu wao kabla familia hazijatawanyika kwenda mashambani. Wajue ni nani aliye mjamzito na mwezi wake ni upi, na atabaki kwa nani. Wajue kila upande wa mashamba nani ana simu, nani ana mtumbwi, nani ana pikipiki. Mchango wa nauli ya wagonjwa ukusanywe wakati huo, ingawa mpunga bado haujauzwa, ukakae kwa mtu anayeaminika ambaye hatahamia shambani. Na baba wa kila nyumba awepo siku hiyo, asimtume mkewe.