SOMO LA MWEZI: Kusamehe na Kudai Haki

Masomo: Kutoka 21:28–32, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 18:1–8



Mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, labda dereva aliyekwenda mbio au daktari aliyemtelekeza mgonjwa, mara nyingi twasikia matangani: “Ni mapenzi ya Mungu, tumwachie Yeye.” Maneno hayo hufariji. Lakini yakitumiwa kumnyamazisha mjane, hayawi faraja tena. Tutazame Maandiko na sheria ya Kenya.

1. Maandiko yanafundisha nini?

Katika Kutoka twasoma habari za ng’ombe aliyeua mtu. Kama mwenyewe hakujua tabia ya ng’ombe wake, hana hatia. Bali kama alikwisha kuonywa, naye asimfunge, atawajibika, na aweza kutozwa fidia. Katika Kumbukumbu la Torati, ajengaye nyumba aagizwa kuweka ukingo darini, mtu asianguke. Basi uzembe si jambo jipya: ni kujua hatari, au kupaswa kuijua, na kutoizuia. Na yule mjane wa Luka hakukemewa na Bwana kwa kuwa alimwendea kadhi mara kwa mara.

2. Sheria inatoa njia gani?

Kesi ya jinai na dai la fidia ni mambo mawili. Dereva akishtakiwa na kutozwa faini, faini hiyo huenda kwa Serikali, wala si kwa watoto wa marehemu. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai.

Sheria ya Ajali za Vifo humlinda mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. Kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa faida yao, na mahakama huweza kumgawia kila mmoja fungu lake. Ndugu wa marehemu aweza kuwa msaada mkubwa, lakini fedha hizo si zake. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo. Ikiwa anayedaiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Familia nyingi hupoteza haki kwa kungoja matanga yaishe, kisha mavuno, kisha shule zifunguliwe.

Aliyefia kazini ana njia nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia za wafanyakazi, wategemezi hudai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya miezi 12 tangu kifo, wala hawalazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri.

Juu ya daktari, malalamiko yaweza kupelekwa kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Baraza huchunguza mwenendo wake. Hata hivyo, malalamiko hayo hayasimamishi hesabu ya ile miaka 3.

3. Mambo ya kufanya mapema

(a) Kabla ya maziko, omba uchunguzi wa maiti kama chanzo cha kifo kina shaka.
(b) Tunza cheti cha kifo, taarifa ya polisi, karatasi za hospitali, risiti za mazishi, na ushahidi wa mapato ya marehemu.
(c) Andika majina ya mashahidi, na namba ya gari pamoja na bima yake.
(d) Usitie sahihi karatasi yoyote ya “kumaliza maneno” kabla wakili hajaisoma. Bahasha iletwayo siku ya maziko yaweza kuwa rambirambi ya kweli. Lakini ikija na karatasi, isubiri.

4. Je, adaiye fidia hajasamehe?

Msamaha hutoka moyoni mwetu, na hatuna haki ya kumnyima adui yetu. Lakini ada ya shule na chakula cha yatima si vyetu kuvisamehe, ni vyao. Twaweza kumwombea dereva asubuhi, na mchana tukasimama mbele ya hakimu pasipo chuki. Pia dai la haki huweza kumfanya mwenye gari atengeneze breki kabla mwingine hajafa.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama: mtembeleapo wafiwa, baada ya sala waulizeni pia, “Karatasi ziko wapi?” Kumsindikiza mjane kwa wakili ni huduma.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika ujirani wetu, ni nani aliyeachwa bila msaada baada ya kifo cha namna hii? Je, muda wake haujapita?
2. Sisi wenye magari, nyumba za kupanga na wafanyakazi, ni “ng’ombe” gani tumeonywa, nasi hatujamfunga?

Tuombe

Ee Bwana, Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, utupe mioyo ya kusamehe, na ujasiri wa kutetea wasio na mtetezi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.